Alama Mbili za Masikio

Niliwaacha wiki iliyopita ndani ya lifti iliyosimama kati ya ghorofa ya tano na ya sita. Tulikuwa wawili: mimi, na bibi mmoja mwenye mfuko wa vitunguu. Simu yangu ilikuwa imeanguka sakafuni na inapayuka Kijapani.

Kwa aliyekosa gazeti, nitakwenda mbio.

Mimi ni fundi wa lifti, miaka arobaini na moja, baba wa pacha. Lifti tunazozihudumia zimetengenezwa Japani, na vitabu vyake vya maelekezo vimeandikwa kwa lugha ya huko. Ndiyo maana nikajifunza kuisoma, mwaka wa tisa huu. Mwaka jana nikaingia mtihani wa N1, daraja la juu kabisa la Kijapani kwa wageni.

Siku ya matokeo nilikuwa nimesimama juu ya paa la lifti, shimoni, mikono imejaa grisi. Mwenzangu kazini, tunayemwita Koleo kwa sababu akishika habari haiachii, ndiye aliyeisoma simu yangu kutoka juu. "Mia moja ishirini na moja!" akapiga kelele. Kupita ni mia. Nikarusha kofia. Kabla sijamaliza ngazi, Koleo alishampigia mke wangu, na mke wangu alishaupigia ukoo mzima.

Ndipo nikasoma mstari wa chini kwa macho yangu. Kila sehemu ya mtihani ina kima chake cha chini, alama kumi na tisa. Kwenye kusikiliza nilikuwa nimepata kumi na saba.

Nimeanguka. Kwa alama mbili za masikio.

Sikumwambia mtu. Nilisema nitangoja wakati mzuri, na wakati mzuri hadi leo haujapiga hodi. Ofisini nikabatizwa Sensei, yaani mwalimu. Meneja akanichagua kwenda kiwandani Japani miaka miwili, mimi na familia yangu. Akawa anampigia mke wangu moja kwa moja kuhusu pasipoti za watoto. Mke wangu ni fundi cherehani. Akaanza kuaga wateja. Na mimi, bingwa wa kuanguka, nikajiandikisha upya kimyakimya. Kila mapumziko ya mchana nikawa naisimamisha lifti ya jengo moja la makazi, naning'iniza kibao cha "Matengenezo", nakaa ndani nisikilize kanda za mazoezi.

Siku hiyo bibi alipita chini ya kibao kana kwamba kimeandikwa "Karibu", akabonyeza saba. Nikaruka kuizuia, tukakwama, waya wa masikioni ukachomoka.

Haya. Sasa twende.

Sauti ya simu ilikuwa inauliza: mwanamke huyu atafanya nini kwanza?

Bibi akajibu. Kwa Kijapani. Halafu akanigeukia na kusema kwa lugha yetu, "Atatafuta chumba cha hoteli kwanza. Kwani wewe hukusikia?"

"Sikusikia, Bibi."

"Sasa hayo masikio umeyafuga ya nini?"

Nikaketi sakafuni.

"Bibi, umejifunzia wapi?"

"Sijajifunza. Nimefua."

Miaka kumi na tisa alifanya kazi katika chumba cha kufulia cha hoteli moja huko Japani. Mashuka, taulo, mashuka. Alisikia kila kitu na kusema kila kitu, ila kusoma hakujua hata herufi moja. "Choo cha wanawake nilikijua kwa rangi ya mlango," akasema. "Siku walipopaka rangi upya, niliaibika."

Nikamweleza kwamba mimi ni kinyume chake. Nasoma mpaka maandishi madogo ya chini ya betri, lakini Mjapani akifungua kinywa mimi nasikia mvua kwenye bati.

Bibi akanitazama machoni. Kisha akatazama vitunguu vyake.

"Niinulie lifti, mjukuu wangu. Kesho saa saba mchana njoo ghorofa ya saba. Uje na macho yako."

Zilikuwa zimebaki wiki sita kabla ya mtihani.

Kesho yake nikapanda. Chumba chake kilikuwa kidogo, kimenyooka kama kitanda cha hospitali. Hata vitambaa vya kufutia vyombo vilikuwa vimepigwa pasi. Mezani aliweka bati la biskuti. Ndani hamkuwa na biskuti, mlikuwa na barua kumi na nne.

"Za mwenzangu," akasema. "Mimi nilikuwa nafua, yeye anapiga pasi. Niliporudi nyumbani akawa ananiandikia. Aliamini nitapata wa kunisomea. Na mimi niliamini hivyo hivyo."

"Zina muda gani?"

"Ya kwanza mwaka wa saba."

"Hujawahi kusomewa hata moja?"

"Na nani? Na fundi bomba?"

Tukapatana. Nusu saa mimi nasoma barua, nusu saa yeye ananinoa masikio.

Na alininoa kweli. Alinifunga macho kwa taulo, akaenda jikoni, akafungua bomba, akawasha redio, akaanza kunisemesha Kijapani akiwa amenipa mgongo.

"Bibi, kwenye mtihani hakuna bomba!"

"Ukinisikia bomba likiwa wazi, hao wa kanda utawasikia hata ukikoroma. Nimesemaje?"

"Umesema... chumvi imeisha?"

"Nimesema mama mkwe wangu amekuja. Tena!"

Wiki ya kwanza sikuambulia kitu. Wiki ya pili nikaanza kushika mikia ya maneno. Wiki ya tatu nikacheka mzaha wake kabla hajaurudia, akaja kutoka jikoni na kijiko mkononi, akanikagua usoni kama daktari.

"Umecheka kwa adabu au umesikia?"

"Nimesikia, Bibi. Huyo meneja wa hoteli ndiye aliyeanguka ndani ya kapu la mashuka."

"Heee!" Akazima bomba. Siku hiyo nilipewa chai.

Alinifundisha na mambo ambayo hakuna kitabu changu kilichonifundisha. "Mjapani akikwambia 'ni vigumu kidogo', wewe hiyo 'kidogo' usiishike. Amekataa huyo. Akikwambia 'tutalitazama', kunja mkeka wako uende."

Nami nikamlipa kwa macho. Barua zilikuwa za kuchekesha. Rafiki yake aliandika kuhusu magoti yake, kuhusu paka asiye na mwenyewe aliyehamia kwenye chumba cha pasi, kuhusu msimamizi mpya ambaye wote walimwita Chura. Bibi alisikiliza huku anakunja nguo. Wakati mwingine alicheka hadi akakaa chini. Wakati mwingine alimjibu rafiki yake pale pale, kwa sauti, kana kwamba yuko chumba cha pili.

Wiki ya pili, nikiwa bado na taulo machoni, nilijikuta namwambia habari yangu yote. Koleo, yowe, alama mbili, Sensei. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kuisikia. Labda ni lile taulo. Mtu aliyefungwa macho anaungama kirahisi.

"Mkeo hajui?"

"Hajui."

"Mficha uchi hazai," akasema, akafungua bomba.

Wiki ya tano tulifika barua ya kumi na nne.

Niliona kabla sijasoma. Mwandiko haukuwa ule. Herufi zilikuwa nyembamba, zimenyooka, za mtu aliyeandika rasimu kwanza. Barua ilikuwa ya binti wa yule rafiki. Mama yake alifariki mwanzoni mwa majira ya kuchipua.

Bibi alikuwa amenipa mgongo, anakunja nguo.

"Haya, anasemaje leo?"

Jamani, nitawaambia ukweli, maana ndio niliowaahidi tangu wiki ya kwanza. Nilifanya ninachokijua. Nikaanza kutunga.

"Anasema... magoti yamepata nafuu. Anasema paka amezaa."

Bibi akaacha kukunja. Kisha, bila kugeuka: "Yule paka ni dume. Ulinisomea mwenyewe, barua ya nne."

"Labda ni paka mwingine, Bibi."

"Umeanza kupumua kama mtu aliyebeba godoro ngazini. Nisomee kilichoandikwa."

Nikamsomea. Kwanza kwa Kijapani, maana niliona ndicho chenye haki ya kufika kwake kwanza. Sikuhitaji kumtafsiria.

Alimaliza kukunja taulo. Akalikunjua. Akalikunja tena.

"Lini?"

"Miaka minne iliyopita."

"Miaka minne," akasema. "Miaka minne nimemnunia kwa kuacha kuniandikia."

Nikaomba radhi. Kwa yote mawili, kifo na paka. Alinyoosha mkono akachukua barua, akaitazama juu chini ingawa haimwambii kitu, akairudisha kwenye bati.

"Na mkeo unampumulia hivyo hivyo?"

Nikarudisha kifuniko cha bati.

"Mwambie."

"Nikipita nitamwambia, Bibi. Nikishika cheti mkononi, itakuwa kichekesho tu."

"Sikio la kufa," akasema Bibi, "halisikii dawa."

Nilidhani dhiki yangu ina mwisho, siku ya mtihani, Jumapili. Kumbe Alhamisi ilikuwa imenitegea.

Asubuhi hiyo Meneja aliingia karakanani na wahandisi wawili kutoka kiwandani, mmoja mzee, mmoja kijana. Walikuwa wanatazamiwa wiki ya pili yake. Ndege haikuniuliza.

"Sensei!" Meneja akaniita, mikono imefunguka kama mlango wa lifti. "Wageni wako wamekuja. Tafsiri."

Tukapanda hadi chumba cha mashine juu ya paa. Koleo akaja nyuma yetu na kisanduku cha vifaa ambacho hakuna aliyekihitaji. Alitaka kusikia tu.

Meneja akaanza. Alitaka ofisi yetu iruhusiwe kuchonga yenyewe baadhi ya vipuri vya breki. Nikafumba macho, nikajiwazia bomba linatiririka, nikafungua kinywa. Maneno yakatoka. Mengi! Yakafuatana kama mabehewa.

Yule mzee akanitumbulia macho. Kijana akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Mzee akavuta hewa kati ya meno, akatabasamu, akasema jambo fupi.

"Kasemaje?" akauliza Meneja.

"Amekataa."

"Mbona anatabasamu?"

"Ndiyo maana najua amekataa."

Koleo akakohoa kuficha kicheko. Meneja, mtu wa biashara, hakukata tamaa. "Muulize ni lipi litakalowezekana." Nikamuuliza mzee, kwa heshima yote ya mashuka na taulo. Mzee akafikiri, akaeleza taratibu, nami nikasikia kila neno. Watuletee mafundi wao miezi mitatu kwanza, watufundishe, ndipo wazungumze habari ya vipuri. Meneja akampa mkono hadi nikahofia bega la mzee.

Tulipokuwa tunashuka, yule mzee akanishika kiwiko.

"Samahani, fundi. Kijapani chako umekitoa wapi?"

"Kwani nimekosea?"

"Hujakosea hata kidogo. Ila unajiita 'mimi' kwa neno la kike. Na unaongea kama marehemu shangazi yangu, alikuwa anafua hotelini." Akatoa leso akafuta macho. "Miaka ishirini sijasikia mtu akiongea hivyo. Tafadhali usibadilishe."

Nilitembea hatua kumi nikiwa mtu mwenye furaha. Hatua ya kumi na moja Meneja akanifikia.

"Umenipandisha leo, Sensei. Sasa sikiliza. Jumatatu saa tatu asubuhi hawa wanatoka hapa kwenda uwanja wa ndege. Wanataka waondoke na nakala ya cheti chako, jina lako liingie rasmi."

"Meneja, ile posta..."

"Posta miezi kumi na moja? Cheti kimeogelea? Kama kimepotea, nitaandika mimi mwenyewe kwa wenye mtihani, wanithibitishie. Jumatatu, saa tatu."

Mnanielewa? Mtihani ni Jumapili. Matokeo hutoka mwishoni mwa mwezi wa kwanza. Hata nikipata alama zote zilizopo duniani, Jumatatu saa tatu mkono wangu utakuwa mtupu.

Mchana nikapanda kwa Bibi kumuaga.

"Basi siendi tena," nikamwambia. "Haina maana."

Alikuwa amesimama mlangoni na pasi mkononi, imechomekwa, ya moto.

"Rudia."

"Nasema hata nikipita..."

"Wiki tano na nusu nimekupigia kelele mpaka jirani wa chini amenigongea dari kwa fagio. Nimekusimulia mambo ambayo hata mume wangu hakuyasikia. Leo unaniambia huendi? Utakwenda. Na ukirudi hapa hujakwenda, hii lifti usiiguse tena, nitapanda ngazi mpaka nife."

Nikasema nitakwenda.

"Na mkeo?"

"Jumapili jioni. Nikitoka tu. Naapa, Bibi."

Alinisikiliza jinsi ninavyopumua. Safari hii akarudi kupiga pasi.

Jumapili asubuhi niliamka kabla ya kengele. Nilimwambia mke wangu, ambaye wote tunamwita Mama Pacha, kwamba lifti ya jengo moja la ofisi imekwama na lazima niende. Yeye akasema hakuna neno, hata yeye ana kikao cha mafundi cherehani, siku nzima, na watoto watakaa kwa dada yake. Akanipigia shati pasi bila kuombwa. Nikamsafishia viatu. Tukaagana kwa adabu kama wageni wawili kwenye foleni ya benki.

Kituo cha mtihani kilikuwa chuo kimoja chenye korido ndefu. Kuna madaraja matano, na yote hufanyika siku moja, kila moja na vyumba vyake. Walioanza juzi wako chini. Sisi wa daraja la kwanza tulikuwa ghorofa ya pili, watu kumi na wanane, nyuso kama za wanaongoja kung'olewa meno. Namba yangu, maana tulihesabiwa kituo kizima, ilikuwa ishirini na sita. Simu tulizizima, tukazitia kwenye bahasha na kuzifunga gundi.

Sehemu ya kwanza ni msamiati, sarufi na ufahamu. Dakika mia na kumi. Huko mimi niko nyumbani. Kulikuwa na makala moja kuhusu watu wanaopenda kusahau, nikaisoma kwa raha kabisa hadi nikajishika najibu polepole. Nilipoweka kalamu chini nilijua. Macho yamefanya kazi yao.

Mapumziko. Baada yake, kusikiliza.

Nikatoka koridoni kunyoosha miguu. Wa madaraja ya chini walikuwa wameshamaliza, wanapanda na kushuka ngazi, wanacheka, wanaulizana majibu. Nikasimama dirishani, nikafumba macho, nikaita sauti ya bomba la Bibi.

"Baba Pacha!"

Si bomba hilo.

Nikafumbua. Mke wangu alikuwa amesimama juu ya ngazi. Gauni lake la kijani, la kikao. Kifuani kitambulisho cha mtahiniwa, chenye picha yake, na chini yake imeandikwa N5. Daraja la chini kabisa.

Tulitazamana kama watu wawili waliokutana wamevaa nguo moja.

Kisha uso wake ukachanua. Akanikimbilia, akanirukia shingoni mbele za watu.

"Nani kakwambia? Ni dada, sivyo? Huyo mdomo wake siku moja nitaushona!"

"Mama Pacha..."

"Nilitaka iwe siri! Usinicheke, ni daraja la watoto tu. Nilijiambia sitaki tufike kule niwe bubu, kila nikitaka nyuzi nikutume wewe. Miezi saba, Baba Pacha! Nilikuwa nabandika herufi kwenye meza ya cherehani, mteja akiingia nazifunika kwa kitambaa." Macho yalikuwa yanamng'aa. "Na wewe ukaacha lifti yako ukaja kunipokea."

Jamani.

Mnaona nilichopewa? Uongo mzima, umeshonwa tayari, umepigwa pasi, unanikaa mwilini sawasawa. Nilipaswa kusema neno moja tu: ndiyo. Ndiyo, nimekuja kukupokea. Tushuke ngazi, mkono kwa mkono. Kitambulisho changu kilikuwa ndani ya mfuko wa shati, hajakiona.

Msimamizi akatoka mlangoni. "Watahiniwa wa daraja la kwanza! Dakika tatu. Mlango ukifungwa haufunguliwi tena."

Mke wangu akawatazama wale wenzangu kumi na saba wakijikokota kuingia. "Masikini," akaninong'oneza. "Mabingwa wenzako. Wewe mwenzao ulishavuka huo mto."

"Sikupita," nikasema.

"Hukupita wapi?"

"Mwaka jana. Mtihani. Sikupita, Mama Pacha."

Akacheka kidogo, akingoja mzaha ufike mwisho wake. Haukufika. Nikatoa kitambulisho mfukoni, nikakishika mbele yake. Picha yangu. N1. Tarehe ya leo.

Alikisoma. Miezi saba iliyopita Kijapani chake kingemshinda, sasa alikisoma chote, mstari kwa mstari, kidole kikifuata.

"Koleo alisema mia moja ishirini na moja."

"Ndiyo. Lakini nilianguka kwa kusikiliza."

"Ulimsikiliza nani?"

"Hapana. Sehemu ya kusikiliza. Nilipungukiwa alama mbili. Nilijua siku ile ile, kabla sijafika nyumbani. Nilikukuta unacheza na watoto sebuleni. Nikashindwa."

Mikono yake ilikuwa imeshanitoka shingoni. Sikuihisi ikitoka.

"Miezi kumi na moja," akasema.

"Ndiyo."

"Wateja wangu nimewaaga wote."

"Najua."

"Cherehani kubwa nimemwachia dada."

"Najua, mke wangu."

"Pacha wamejifunza kuhesabu hadi kumi kwa Kijapani. Wanawahesabia wenzao shuleni. Meneja anajua?"

"Hajui. Kesho saa tatu anataka cheti."

"Namba ishirini na sita!" Msimamizi alikuwa ameshashika kitasa. "Unaingia au huingii?"

Niliganda. Nikiingia, ninamwacha mke wangu koridoni na jambo hilo mikononi. Nikibaki, mwaka mwingine umekwenda, na masikio ya Bibi yamekwenda bure.

"Sema neno moja," nikamwambia. "Utakalosema ndilo."

Akaninyooshea kola ya shati, ile aliyoipiga pasi mwenyewe asubuhi.

"Ingia," akasema.

Wiki sita nimefundishwa kusikia kilicho chini ya neno. Redio ikiunguruma, bomba likiwa wazi. Nikalisikiliza lile "ingia" kwa nguvu zangu zote, na sikuambulia kitu. Halikuwa na hasira. Huruma pia sikuisikia. Ilikuwa sauti anayoitumia akishaweka mkasi kwenye kitambaa cha mtu na hataki kusemeshwa mpaka afike upande wa pili.

Nikaingia. Mlango ukafungwa nyuma yangu, ukapigwa kufuli.

Kiti changu kilikuwa cha mwisho, karibu na mlango, na mlango ulikuwa na kidirisha cha kioo. Msimamizi akagawa karatasi. Spika ukutani ikakwaruza. Nikageuza shingo kidogo tu.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa amesimama pale pale, anachana bahasha ya simu yake kwa meno. Akaiwasha. Akatafuta namba, akaweka simu sikioni, akaniangalia moja kwa moja kupitia kioo.

Kusikia sikuweza kusikia. Lakini kusoma, mnajua, nasoma. Nikaisoma midomo yake.

"Haloo, Meneja?"

Spika ikasema kwa Kijapani: swali la kwanza.